Barua kwa akina baba wasiofika mahakamani

Ndugu zangu akina baba wa Mbagala, Tandika, Buguruni, Manzese na mitaa yote ya Dar es Salaam,

Shikamooni mlionizidi umri, na ninyi wadogo zangu nawasalimu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimalizia kwa watoto ambao sheria inawaita watoto wanaokinzana na sheria, na mtaani wanaitwa vibaka. Nimekaa nao mahabusu, nimekula nao, nimeandika habari zao zikasomwa mbele ya hakimu. Kuna jambo limenikaa kooni miaka yote hiyo na sitaki kuzikwa nalo. Kwenye benchi la mahakama ya watoto wanakaa akina mama. Mama, bibi, shangazi, mara moja moja dada mkubwa aliyeomba ruhusa kazini. Ninyi hampo.

Tunao msemo ambao tumeugeuza kuwa maficho: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku moja nilimpigia simu baba wa mtoto wa miaka 14 aliyekuwa amekamatwa. Akanijibu, "Ongea na mama yake, yeye ndiye aliyemdekeza." Akakata. Nikapiga tena, simu ikawa haipatikani.

Mtoto huyo alikamatwa na nondo tatu. Vipande vifupi, vya kubebeka begani, amevizungushia kanga ya mama yake ili visigongane njiani. Alivitoa kwenye nyumba inayojengwa na alikuwa anavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilikwenda kupaona mahali penyewe. Mzani wa kuning'iniza umefungwa kwenye mti, chini yake lundo la masufuria yaliyotoboka, rimu za baiskeli, na mfuniko wa chemba wa barabarani. Mwenye mzani hakuwahi kumuuliza mtoto yule nondo mpya amezipata wapi. Alipima, akalipa, basi. Hela ile haikufika nyumbani, iliishia kwenye dubwi, zile mashine za kamari zilizojaa kwenye vibanda vyetu, ambazo mwenye kibanda humwekea mtoto ndoo apande ili afikie kitobo cha kuingizia sarafu.

Hesabuni wenyewe ni watu wazima wangapi walipata riziki kwa wizi wa mtoto mmoja. Aliyekwenda kituoni siku ile alikuwa peke yake.

Nilipomkalisha chini kwa utulivu ndipo nikapata mkasa mzima. Baba alihamia kwa mke mwingine. Mama akaanza kutoka alfajiri kwenda kuchukua samaki Feri akauze. Maji ya nyumbani yakawa kazi ya mtoto, na foleni ya maji haijui kengele ya shule. Akachelewa, akachapwa. Akachelewa tena, akachapwa tena. Siku ya tatu akaona ni heri asiende kabisa. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016, michango ya lazima shuleni ikaondoka na tunashukuru, ila michango haikuwa mzigo wote. Mtoto bado anahitaji sare, daftari, viatu, na kitu tumboni saa sita mchana. Alikuwa darasa la sita. Saa ambazo alipaswa kuwa darasani alizimalizia chini ya mwembe na vijana wa miaka 19 na 20, na hao ndio waliomwonyesha njia ya kwenda kwa mwenye mzani.

Sijawahi kukutana na mtoto aliyeamka asubuhi moja akawa mwizi. Kuna miezi katikati, na ndani ya miezi hiyo mtu mzima mmoja akiuliza "mbona leo hukwenda shule?" mambo yanaweza kugeuka.

Mnakumbuka Januari 2015, jiji lilivyoshikwa na hofu ya Panya Road, yale makundi ya vijana waliovamia watu na kupora. Watu walifunga maduka mapema, kina mama walikimbia na watoto mgongoni, na polisi wakakamata mamia ya vijana. Mwaka 2022 jina lile likarudi tena midomoni, safari hii pamoja na damu na misiba. Sisemi waliojeruhiwa hawana haki ya kukasirika. Nimewazika majirani. Lakini nilichokisikia vijiweni nyakati zote mbili kilikuwa kimoja: wachomwe, wamalizwe. Na waliokuwa wakisema hivyo wengine ni baba wa watoto ambao hawajui wanalala wapi. Ndugu zangu, anayepigiwa kelele za "mwizi" na kuvalishwa tairi ni mtoto wa mtu, na mkiliwasha hilo tairi hakuna hakimu atakayepata nafasi ya kuuliza lolote.

Sasa niwaeleze sheria inavyotaka, kwa sababu wengi mnakaa mbali na mahakama kwa kutoijua.

Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kanuni ya Adhabu nayo inasema aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai, na aliye chini ya 12 hana hatia mpaka ithibitike alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anachokitenda ni kibaya. Kesi ya mtoto husikilizwa faragha, umati hauingii, na afisa ustawi anakuwepo. Jina lake halitangazwi. Hakimu hasomi mashtaka tu, anataka pia taarifa ya ustawi: mtoto anaishi na nani, anakula nini, shule aliacha lini na kwa nini. Akionekana ana kosa, anaweza kuachiwa kwa masharti, au kuwekwa chini ya uangalizi wa afisa ustawi, au kukabidhiwa kwa mzazi au ndugu anayefaa. Kwa makosa mazito ipo shule ya maadilisho, ya bweni, ya kumrekebisha mtoto aliyekosa. Kwa miaka mingi Tanzania Bara nzima imetegemea moja, ya Irambo kule Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mama anayeuza samaki Feri atakwenda kumtembelea mwanawe mara ngapi kwa mwaka?

Angalieni sasa mlango wote huo wa huruma umetundikwa kwenye bawaba gani. Dhamana ya mtoto inataka mtu mzima aje kusimama. Taarifa ya ustawi inataka nyumba ya kwenda kuitazama. Amri ya kumkabidhi inataka mkono wa kumpokea. Asipopatikana mtu, mtoto ambaye alistahili kulala kwao analala mahabusu wiki baada ya wiki, kwa kosa la nondo tatu. Na mahabusu za watoto zenyewe ni chache, ziko katika mikoa ya kuhesabika, kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Kilimanjaro na Mbeya. Penye upungufu huo mtoto huweza kujikuta na watu wazima, na atakachojifunza huko mimi na wewe hatutaweza kumfundua.

Nilikuwa na kesi nyingine, ya kijana mwembamba, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Katika kituo kimoja walimwandika ana miaka 18. Mwenyewe hakujua alizaliwa lini, na cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukatiwa. Kwa ile 18 alikuwa anakwenda mahakama ya wakubwa na gereza la wakubwa. Baba yake alikuwa fundi seremala, hawakuwa wanaongea tangu kijana aache shule. Nilimfuata kwenye karakana yake, nikamkuta anapiga randa. Hakusimamisha kazi. Nikamweleza mambo yote huku maranda yakiangukia viatu vyangu, kisha nikaondoka nikiamini nimepoteza nauli.

Kesho yake alikuja. Alikuwa amevaa shati la Idi na mkononi ana mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, imechakaa kingo, ina alama ya maji, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka. Mke wake aliiacha alipofariki naye akaitunza kwenye sanduku la misumari. Hakimu aliipokea, akaisoma, akaiangalia sura ya kijana. Miaka 15. Kijana alipomwona baba yake amesimama pale na ule mfuko alilia mpaka akaomba maji. Hakulia alipokamatwa wala alipopigwa.

Wengine mnaniambia kibarua hakikungoji. Najua, usipoonekana leo kesho nafasi ina mtu. Mwombe afisa ustawi akupe barua ya kumwonyesha bosi wako. Wengine ni aibu: utaonekana baba wa mwizi. Majirani wanajua tayari, ndugu yangu, walijua kabla yako. Wengine mnasema amewashinda. Inawezekana, lakini useme hivyo mbele ya hakimu na mwanao akiwepo, siyo kwenye simu. Na wapo wanaokuja na mkanda kiunoni, wakikabidhiwa tu wanaanza kupiga kabla ya kufika kituo cha daladala. Hao nawaomba wauache nyumbani. Yule wa nondo alikwisha chapwa sana, na fimbo ndiyo iliyomtoa darasani.

Baba aliyehama nyumba hajahama uzazi. Huhitaji kurudiana na mama yake ili uende kusimama kwa ajili ya mtoto.

Kwa hiyo ukipigiwa simu, pokea. Uliza kituo gani, kosa gani, tarehe ya kesi lini, na jina la afisa ustawi anayeshughulika naye. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, hata daftari la shule lenye mwaka aliozaliwa. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa uchukue barua ya utambulisho. Fika mapema, kwa sababu majina huanza kuitwa asubuhi. Chukua na chakula. Huenda mwanao hajala tangu jana, na mama yake naye hajala.

Mzee mwenzenu,
Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu, Temeke