Kwa somo yangu, kuhusu baba anayetaka kurudi

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na kaka. Sisi huku hatujambo wote. Mvua zimekatika, watoto wamelala, na nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kituo badala ya kukujibu kwa vijisauti vya simu.

Nimeusikiliza ujumbe wako wote. Mzee kapiga simu kutoka Muscat baada ya miaka yote ile ya kimya, anasema anaumwa, anataka kurudi Mombasa akae nyumbani kwenu. Kaka kasema siku mzee akiingia mlangoni yeye anatoka. Mama kanyamaza. Wewe uko katikati na unataka nikwambie la kufanya. Nitakwambia ninavyoona, somo, lakini niruhusu nipitie kwenye sinema moja. Tangu uniletee habari hii sijaacha kuifikiria.

Inaitwa The Royal Tenenbaums. Ni ya Marekani, ya mwaka 2001. Aliyeiongoza ni Wes Anderson, na aliiandika pamoja na rafiki yake Owen Wilson. Ni sinema ya kuchekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu naiamini. Kwenye nyumba aliyotoroka baba watu hawalii mchana kutwa. Wanacheka pia, na wewe na kaka yako ni mashahidi, maana hakuna watu wanaonichekesha kama nyinyi mkianza kumwigiza mzee alivyokuwa akiongea.

Royal ndilo jina la baba. Ni wakili wa New York, mtanashati, ana maneno matamu na mkono mrefu. Mke wake, Etheline, ni mtaalamu wa mambo ya kale. Wana watoto watatu: Chas, Richie, na Margot ambaye walimchukua wakamlea. Wote watatu walikuwa na vipaji vya ajabu tangu wadogo. Chas alikuwa mfanyabiashara kabla hajabalehe, Margot alitunga tamthilia, Richie akawa bingwa wa tenisi. Mwanzoni kabisa unamwona Royal kawakalisha kwenye meza ndefu kuwaambia kwamba yeye na mama yao wanaachana. Wanamuuliza kama kosa ni lao. Anasema hapana, halafu papo hapo anaongeza kwamba kuwa na watoto kuliwalazimu wazazi kujinyima mambo fulani. Mtu unacheka, kisha unawatazama wale watoto watatu kwenye viti vyao na kicheko kinakukauka. Ameketi mbali nao, upande wa pili wa meza, kama anayekutana na wateja.

Basi akahamia hotelini, akakaa huko miaka 22. Talaka rasmi hawakupeana. Watoto wakakua, vipaji vikanyauka, kila mmoja akabaki na jeraha lake.

Sasa angalia kilichomrudisha, somo, kwa sababu hapa ndipo nataka uwe macho. Hakurudi kwa mapenzi. Hoteli ilimtoa kwa kutolipa, na wakati huohuo akasikia kuwa Etheline ameposwa na mhasibu wake, Henry Sherman, mjane mstaarabu. Royal akaja na hadithi kwamba ana saratani ya tumbo na amebakiwa na wiki sita. Akamtafuta mfanyakazi wa lifti wa hoteli ile ile, akamvika koti la daktari. Akalala kwenye chumba cha mwanawe Richie akiwa amezungukwa na mashine za hospitali, huku kila siku anakula baga za jibini na chipsi. Henry ndiye aliyemfichua. Mke wake marehemu aliugua saratani hiyohiyo, kwa hiyo alijua mgonjwa wake anavyokuwa. Akavichunguza vidonge, kumbe ni peremende.

Simaanishi baba yako anadanganya. Mtu wa umri wake kuumwa si ajabu. Lakini muulizeni anaumwa nini, anatibiwa wapi, na karatasi za daktari ziko wapi, na muulize bila haya. Kama ni mgonjwa kweli, maswali hayo ndiyo yatakayomsaidia kupata matibabu. Kama si mgonjwa, mtajua mapema kabla mama hajaanza kumpikia uji.

Anayemwigiza Royal ni Gene Hackman. Anderson alimwandikia nafasi ile yeye hasa, ingawa mwenyewe alisita kuikubali. Nilipokuja kujua maisha yake nikaelewa kwa nini macho yake mle ndani yana kitu ambacho hakikuandikwa. Hackman alikuwa na miaka 13, wanaishi Danville, Illinois. Siku moja alikuwa akicheza mtaani, baba yake akapita na gari, akampungia mkono, akaenda zake moja kwa moja. Huo mkono ndio uliokuwa kwaheri. Alikuja kulisimulia mwenyewe akiwa mtu mzima, mwigizaji anayejulikana dunia nzima, na bado lilikuwa linamchoma. Alipata tuzo ya Golden Globe kwa kumwigiza Royal. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 95. Kila nikimtazama mle naona mtoto aliyeachwa akimvaa mtu aliyeacha, na hamwonei wala hamtetei. Anderson naye wazazi wake waliachana akiwa mdogo, na mama yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, kama Etheline.

Kuhusu kaka yako. Nakuomba usimshike mkono kumvuta kwenye msamaha. Chas ndiye kaka yako mle ndani. Utotoni walikuwa wakicheza vita vya bunduki za upepo, na Royal, ambaye walikuwa upande mmoja, akamlenga mwanawe akampiga. Ile gololi ndogo imo mkononi mwa Chas mpaka leo, katikati ya mifupa ya vidole, na kamera inakuonyesha kabisa. Baadaye Royal alimwibia mwanawe pesa, Chas akampeleka mahakamani, na Royal akapoteza haki ya kufanya kazi ya uwakili. Tena Royal alikuwa na kawaida ya kumtoa mtoto mmoja tu matembezini, Richie, wawili wakabaki nyumbani. Kwa hiyo watoto wale hawakuwa na baba mmoja. Richie alikuwa na baba aliyempenda, Chas alikuwa na mwizi, na Margot alikuwa na mtu ambaye kila alipomtambulisha kwa wageni hakukosa kusema kuwa ni mtoto wa kuchukuliwa.

Na nyinyi ni hivyohivyo. Wewe mzee alipoondoka ulikuwa unabebwa mgongoni. Unamkumbuka kwa haluwa na lile gauni la manjano. Kaka yako anamkumbuka kwa kuacha shule akaenda kupakia magunia bandarini ili wewe ulipiwe ada. Deni lake na mzee si deni lako. Mwache alidai mwenyewe, kwa wakati wake, au asilidai kabisa.

Kuna kipande cha makaburini ambacho nilikitazama mara mbili. Royal anawapeleka watoto kuzuru kaburi la mama yake. Mke wa Chas, aliyekufa kwenye ajali ya ndege akamwachia watoto wawili wa kiume, naye amezikwa palepale. Royal alikuwa amesahau. Anakumbuka kwa sauti, kama mtu anayekumbuka kuwa ana kifurushi kingine cha kuchukua. Uso wa Chas pale, somo, ndio uso wa kaka yako siku ile mzee alipopiga simu akauliza, "Na yule bibi yenu hajambo?" na bibi tumemzika zamani.

Baada ya uongo kujulikana wanamfukuza. Akiwa anatoka anawaambia kwamba siku sita alizokaa nao zilikuwa bora kuliko zote maishani mwake. Na msimulizi anasema kwamba Royal alipomaliza tu kuyatamka maneno hayo aligundua kuwa ni ya kweli. Mtu alikuja na uongo akashikwa na ukweli njiani. Kwa hiyo sikwambii umfungie mlango baba yako kwa kuwa nia yake ya kwanza haieleweki. Nia inaweza kuja nyuma. Lakini hata pale, wakati maneno yamekuwa ya kweli, hawakumrudisha. Alitoka, na kutoka kule ndiko kulikomfaa.

Alikwenda akaomba kazi ya kuendesha lifti kwenye hoteli ile ile aliyokaa kama bwana mkubwa. Akavaa sare. Kisha akafanya kitu ambacho kwangu mimi ni kikubwa kuliko machozi yote: akazitia sahihi hati za talaka akampelekea Etheline, ili aolewe na Henry kwa amani. Hakuna aliyemsukuma.

Mama yako je? Kila mtu anajadili kama mzee arudi au asirudi, na hujaniambia hata mara moja kwamba kuna aliyemuuliza mama anarudi kama nani. Kama mume? Au kama baba wa watoto wake anayeomba pa kulala? Hayo ni mambo mawili. Mama amekaa miaka hana mume wala hana talaka, na hata kadhi angemsikiliza zamani kwa kuachwa bila matunzo, lakini kwa heshima yake hakwenda. Muulize mkiwa wawili tu, jikoni, bila kaka na bila shangazi zako. Na akisema anataka karatasi yake, basi hilo liwe la kwanza kuombwa kwa mzee, kabla ya habari ya chumba wala kitanda. Atakavyojibu utamjua.

Siku ya harusi ya Etheline, Eli, rafiki yao wa tangu utotoni aliyeharibiwa na dawa za kulevya, anakuja na gari kwa kasi akaivamia nyumba. Royal anawarukia wajukuu wake wawili akawaokoa. Mbwa wao anakufa chini ya gari. Watu wanapiga kelele, Chas anamkimbiza Eli ampige, na Royal anafanya nini? Anakwenda kwa wazima moto waliofika pale, anamnunua mbwa wao, Dalmatian mweupe mwenye madoa meusi, anawapa wajukuu. Ukumbuke Chas akiwa mtoto alikuwa akizalisha panya weupe wenye madoa kama hayo na kuwauza. Sinema haisemi neno juu ya hilo. Mimi nasadiki mzee alikumbuka. Ndipo Chas, ambaye tangu mwanzo hajamwita kwa wema, anamwambia baba yake kwamba mwaka huu umekuwa mgumu kwake. Royal anasema anajua. Basi. Hakuna hotuba, hakuna kuombana radhi mbele ya ukoo. Mimi nililia pale kuliko nilivyolia kwenye sinema yoyote.

Royal anakufa kwa moyo akiwa na miaka 68, na aliyekuwa naye kwenye gari la wagonjwa ni Chas peke yake.

Kuna mambo siyapendi mle pia. Henry ni mtu mweusi, na Royal anamtolea maneno ya dharau juu ya rangi yake ambayo sinema inayapitia haraka mno kwa roho yangu. Na Pagoda, mzee wa Kihindi anayetumika nyumbani, tunajua jinsi alivyokutana na Royal huko Calcutta, lakini hatuambiwi yeye aliacha nani kwao. Ningependa kujua. Watu kama yeye wamejaa huko Muscat aliko mzee wako, na kila mmoja ana nyumba inayomngoja.

Shauri langu basi, somo. Mzee asifikie kwenu. Afikie kwa shangazi yako Likoni, dada yake wa tumbo moja, ambaye siku zote amekuwa akimtetea. Toka pale aje kwa miguu kuwasalimu, anywe chai, aondoke. Aje tena. Msimhamishe mtu chumbani kwa ajili yake. Tazameni kama anakuja na siku ambazo hana shida. Tazameni kama atamuuliza kaka habari za mgongo wake na kungoja jibu. Watoto wa kaka waachie wamjue babu yao kama kaka atakubali, na asipokubali usiwapeleke kwa siri, hata kama ni kwa nia njema.

Na wewe una haki ya kumpenda. Nakuambia hivi kwa sababu nilikusikia kwenye ule ujumbe ukijitetea, kama vile kufurahi kusikia sauti yake ni kumsaliti kaka. Si kumsaliti. Mwambie kaka hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, atakasirika jioni moja, kesho yake atakuletea samaki.

Idi nakuja, nikijaliwa. Tutaitazama pamoja, mimi na wewe kwanza, halafu kama kaka yuko radhi naye akae. Niandikie mama amejibu nini ukishamuuliza, na uniandikie jibu lake kama alivyolisema, usinifupishie.

Nisalimie wote, shangazi wa Likoni pia.

Ni mimi somo yako