Maandishi ya nyuma ya picha

Nansio, Ukerewe
13 Desemba 2021

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama naye anaendelea vizuri isipokuwa macho. Mtoto wa jicho amekomaa, na jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu. Miguu bado inamfikisha kwa jirani na kumrudisha. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Nakuomba usiifungue kwanza. Soma barua mpaka mwisho.

Juzi siku ya Uhuru mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wajukuu walikaa wakitazama sherehe za miaka 60 kwenye televisheni, mara umeme ukakatika. Mama akasema, "Nileteeni sanduku la babu yenu, niwaonyeshe huo Uhuru." Unalikumbuka lile sanduku la bati la kijani, lililokaa uvunguni mwa kitanda, ambalo tulikatazwa hata kuligusa? Kufuli lake lilishakufa siku nyingi, linafungwa kwa kamba ya katani. Tulilifungua sebuleni, tukasogeza mkeka karibu na mlango tupate mwanga, na hapo tulikaa mpaka saa tisa alasiri.

Picha ya kwanza ni baba yangu, kijana wa miaka ishirini, karani wa pamba wa chama cha ushirika. Amesimama mbele ya pazia la studio huko Mwanza, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika kibendera cha karatasi. Kingo za picha zimekatwa kama meno ya msumeno, kama zilivyokuwa picha zote za wakati ule. Nyuma, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande: "Siku ya Uhuru, Mwanza, 9.12.61". Mjukuu mdogo akauliza, "Bibi, mbona bendera yao ilikuwa ya kijivu?" Mama, ambaye picha yenyewe haioni, akamjibu bila kusita: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari ya dhahabu katikati ya hizo. "Bluu ilikuja na Zanzibar." Akanyamaza kidogo, akasema tena, "Kijani ya shamba lililonyeshewa, siyo hii ya plastiki."

Nyingine ni ya Oktoba 1967. Kama utakumbuka, ule ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Baba alikuwa Mwanza kikazi, na mwenzake alikuwa na kamera. Shoga, ni picha mbaya kuliko zote humo sandukuni. Ni migongo ya watu, kofia, vumbi, mkono wa mtu umeziba kona nzima. Hakuna Mwalimu. Ila baba amechora mshale mdogo wa wino upande wa nyuma na kuandika, "Mwalimu yupo hapa". Nimeigeuza na kuigeuza nikilinganisha ule mshale na upande wa mbele, na unaangukia mahali penye kivuli tupu kati ya mabega mawili. Baba aliitunza miaka yote ile kuliko hata picha ya harusi yake. Naielewa sasa. Alikuwepo, na aliyemfuata alikuwa mbele yake hatua chache tu, basi ilimtosha.

Lakini kilichonifanya nikae kukuandikia ni huu upande wa nyuma. Hapo zamani sikuwahi kuutazama, nilitazama nyuso. Safari hii, kwa kuwa mama haoni, ilinibidi nimsomee maandishi kabla hajatueleza picha. Nilipofika picha ya kumi hivi nikagundua kwamba mwandiko unabadilika.

Za mwanzo zote ni za baba. Hata picha ambazo yeye hakuwepo, za mama na shangazi, za kaka yangu mchanga, zilisubiri mpaka arudi likizo ndipo aziandike. Halafu kuna picha ya kaka akiwa na miaka saba hivi, kavaa sare ya shule, na nyuma yake kuna herufi tatu tu za penseli, kubwa kama za kwenye ubao, zimepanda mlima. Ni jina la mama, halijamalizika. Inayofuata jina limekamilika, lakini R imegeuziwa kisogo. Baadaye linatokea neno zima, kisha mawili yameshikana bila nafasi, na penseli inaondoka, kalamu ya wino inaingia. Kufikia picha za 1978, mjomba akiwa na gwanda kabla ya kwenda vitani Kagera, mwandiko wa nyuma ni wa mama peke yake, umenyooka: "Mdogo wangu anakwenda vitani. Mungu amrudishe." Alirudi, namshukuru Mungu. Mwandiko wa baba haupo tena popote baada ya hapo, ingawa aliishi miaka mingine ishirini na ushee. Nilimuuliza mama kwa nini. Akasema, "Nilimnyang'anya kazi hiyo."

Nilipokuwa mdogo nilidhani kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, ni jambo la kawaida, kama kwenda kisimani. Sasa nikipiga hesabu naona ukubwa wake. Sensa ya 1967 ilikuta watu wazima wawili kati ya watatu hawajui kusoma wala kuandika. Nchi ilikuwa na miaka sita tu, shule chache, fedha hakuna. Serikali ingeweza kusema hawa wazima wameshapitwa, tushughulike na watoto. Mwalimu alisema kinyume chake. Mwaka 1970 ukaitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe yetu hii ikawa miongoni mwa wilaya za kwanza zilizotakiwa kufuta ujinga kabla 1971 haijaisha, sisi na Mafia na wengineo. Mama anakumbuka balozi wa nyumba kumi akipita mlango kwa mlango na daftari. Aliulizwa, "Unajua kusoma?" Akajibu, "Mume wangu anajua." Balozi akamwambia, "Sikuandika jina la mume wako."

Sababu iliyomsukuma, hiyo hakuwahi kutuambia mpaka juzi. Baba akiwa mbali alikuwa anaandika barua, na barua zilisomwa na mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la sita. Mtoto alisoma kwa sauti, uani, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Siku moja baba aliandika maneno ambayo mume humwandikia mkewe. Yule mtoto akayasoma yote, neno kwa neno, na wanawake waliokuwa wanapeta mchele wakaangua kicheko. Mama anasema alicheka nao. Usiku akalia. Wiki ile ile akaenda chini ya mwembe wa shule, saa kumi jioni, nikiwa mgongoni, kwa sababu nilikuwa sikubali kubaki na mtu.

Kitabu chao cha kujifunzia kilihusu pamba. Walikiita kisomo chenye manufaa: unajifunza herufi na hapo hapo unajifunza kupanda kwa mistari na kunyunyiza dawa. Mama anakisifu na kukilaumu kwa pumzi moja. Anasema pamba aliijua kabla ya mwalimu wao hajazaliwa. Alichotaka ni kusoma barua. Hata hivyo siku ya mauzo alisogea kwenye mzani, akasoma kilo zake mwenyewe, akamwambia karani, "Umeandika pungufu." Karani akafuta. Hilo amelisimulia mara nne siku ile, na kila mara anakunja kidole kuonyesha mshale wa mzani ulivyosimama.

Nisikufiche, hatukukaa kwenye furaha tu. Mjukuu mkubwa, yule anayesoma sekondari, aliuliza kuhusu vijiji vya ujamaa, wamefundishwa darasani. Mama akataja shangazi, dada yake baba aliyeolewa upande wa Geita. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mwaka uliofuata lori likafika kwake. Mihogo ilikuwa bado shambani. Paa liliezuliwa wakiwa wanatoa vyombo, ili wasirudi. Alipewa kiwanja kwenye mstari, kilomita nyingi kutoka makaburi ya watoto wake wawili. Kijana akapekua sanduku, akauliza, "Bibi, picha ya hiyo siku iko wapi?" Mama akasema, "Nani angepiga picha siku hiyo? Tulipiga picha tukiwa tumechana nywele."

Neno hilo limenikaa. Picha zote humo, watu wamevaa vizuri. Hata ile ya 1982, mimi na wewe tumesimama mbele ya duka la kijiji tunacheka, ukiitazama vizuri utaona miguuni tuna katambuga za matairi, na nyuma yetu ule mstari wa watu siyo sherehe, ni foleni ya sabuni. Gauni langu lile ni la dada yako. Nyumbani kulikuwa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na kibali cha sukari kilichoisha tarehe. Watoto wangu wakiiona wanasema, "Mama, mlikuwa wembamba na wazuri." Nawaambia ukweli wa ule wembamba. Na bado siwezi kukubali mtu aniambie miaka ile yote ilikuwa hasara, kwa sababu najua katika kiganja changu uzito wa zile herufi tatu za penseli. Lori lililombeba shangazi na ubao uliowekwa chini ya mwembe vilitoka kwa serikali moja. Nawaeleza wajukuu vyote viwili, na nikichoka mama ananipokea.

Sasa nifike kwenye bahasha ndogo.

Siku ya arobaini ya mama yako tulikaa wawili jikoni, majivu yameshapoa, ukaniambia huna hata karatasi moja yenye mwandiko wake. Kadi yake ya TANU ina alama ya dole gumba. Madaftari yake ya kisomo mlifungia maandazi. Uliniambia hata huna hakika kama aliwahi kujua kuandika kweli, au ni maneno ya wazee tu ya kumpa heshima. Nilikosa la kukujibu siku ile.

Chini kabisa ya sanduku, imegandana na picha nyingine kwa unyevu, ilikuwepo picha ya wanawake wanne chini ya mwembe. Ni siku ya mtihani wa kisomo wa 1975, ule uliofanywa nchi nzima. Wa kwanza kushoto ni mama yangu. Anayemfuata, mwenye kitenge cha maua na mtoto amelala begani, ni mama yako, na huyo mtoto ni mdogo wako wa mwisho. Niliitenganisha kwa mvuke wa maji ya chai, nusu saa nzima, mikono inatetemeka. Nikaigeuza nimsomee mama kama zile nyingine. Mwandiko haukuwa wa baba, wala wa mama. Nilipomsomea, mama alishika mdomo. Akasema picha ilipokuja kutoka Mwanza walikuwa pamoja uani kwetu, na mama yangu alitaka kuiandika, mama yako akamzuia: "Leo lete mimi."

Ameandika kwa herufi kubwa, bila nafasi kati ya maneno. Amekandamiza kalamu mpaka alama zimetokea upande wa mbele. Ukipitisha kidole juu ya anga, hapo juu ya mwembe, utazisikia.

Uliniuliza kama alijua. Alifaulu mpaka hatua ya nne, mama yangu anaapa, cheti chake alikibandika ukutani kwa ugali, panya wakakila. Serikali ilipokuja kutangaza mwaka 1986 kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia kumi, yeye alikuwa katika hao wengine, shoga yangu, siyo katika hao kumi.

Haya, fungua. Ishike pembeni, wino umeanza kufifia, na usiibandike kwa gundi popote. Nimempa mtoto wa dada anayekuja Dar aibebe katikati ya kitabu, akukabidhi mkononi mwako. Kwetu nimebaki na nakala niliyopiga kwa simu, asili ni yako.

Ninalo ombi moja. Mwanamke wa nne, yule wa kulia kabisa anayetazama pembeni, mama hawezi kumwona na mimi simkumbuki. Mama anasema huenda ni yule mkwe wa fundi cherehani, aliyehamia bara. Muulize mama yako mdogo pale Temeke. Akikutajia jina, liandike nyuma, chini ya maandishi ya mama yako, kwa penseli isiyokandamizwa. Halafu nipigie tu, hata usiku, nimwambie mama.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi shoga yako wa tangu mgongoni