Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha wanasayansi kwa mwaka unaomalizika. Sehemu ya shughuli nitaipita haraka, maana mlishiriki wenyewe, au mlialikwa. Tarehe 11 Februari tuliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, picha mmeziona. Warsha za kuandika maombi ya ruzuku zimefanyika. Ziara za shuleni zimefanyika. Mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa uzamivu na watafiti wazoefu unaendelea, isipokuwa kwa wale wazoefu wasiojibu ujumbe, na wanajijua. Namshukuru katibu, namshukuru mweka hazina.

Sasa niingie kwenye suala ambalo, nadhani, ndilo lililowaleta wengi wenu hapa leo, wakiwemo ambao sijawatia machoni tangu mkutano mkuu uliopita.

Kamati tendaji iliamua kusitisha hafla ya usiku wa tuzo za wanawake wanasayansi na kuzielekeza fedha zake kwenye mfuko wa kuwasaidia watafiti wenye watoto wadogo. Mfuko unalipia mlezi wa mtoto pale mama anapobaki maabara hadi usiku, anapokwenda uwandani kuchukua sampuli au anapohudhuria kongamano. Unalipia pia msaada wa kazi za nyumbani katika miezi ya mwanzo baada ya likizo ya uzazi. Yaliyosemwa baada ya hapo yamenifikia. Kwamba chama cha wanasayansi kimegeuzwa chama cha mayaya. Kwamba fedha za sayansi hununua vitendanishi, yaani kemikali za maabara, hazimlipi mtu wa kufua nguo. Na kwamba mwenyekiti amejitengenezea ulaji. Hili la mwisho nalijibu kwa sentensi moja: wanangu ni watu wazima, na wa mwisho anaishi kwake.

Hayo mengine yanastahili jibu refu zaidi. Mwaka 2019 wanasosiolojia Erin Cech na Mary Blair-Loy walichapisha utafiti uliofuatilia wanasayansi na wahandisi wa Marekani kabla na baada ya kupata mtoto wa kwanza. Asilimia 43 ya akina mama waliacha kazi ya muda wote katika fani zao. Wengine walihamia kazi zisizo za muda wote, wengine fani nyingine, wengine waliacha kazi kabisa. Kwa akina baba ilikuwa asilimia 23. Naomba tarakimu hizo mbili zisomwe taratibu. Watu hao walikwisha kusoma, walikwisha kuajiriwa, na hawakuondoka kwa kukosa vitendanishi. Sisi tumekuwa tukipeleka nguvu zetu zote shuleni kuwahamasisha wasichana waingie, huku waliokwisha kuingia wakitoka kwa mlango wa pili bila hata mtu kuwauliza wanakwenda wapi.

Wala wazo hili sikulizua mimi, ingawa andiko la mfuko nililiandika mwenyewe, usiku, rasimu baada ya rasimu. Christiane Nüsslein-Volhard, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya jeni zinazoongoza ukuaji wa kiinitete cha nzi wa matunda, alianzisha taasisi ya hisani Ujerumani mwaka 2004. Taasisi hiyo inawapa wanasayansi vijana wa kike wenye watoto fedha za kulipia msaada wa nyumbani na walezi wa watoto. Yeye mwenyewe hana mtoto. Alichokiona ni kwamba mtafiti hodari anapoteza saa zake bora kwenye sinki la vyombo, na saa hizo zinanunulika. Kama mwanamke wa hadhi hiyo hakuona aibu kulipia ufuaji, sielewi sisi tunamwonea aibu nani.

Hoja moja ya wapinzani nakiri ina uzito. Wanasema tuzo huwafanya wanawake waonekane, na kuonekana ni nusu ya kazi. Ni kweli mpaka sasa wanawake waliopata Nobeli ya fizikia ni 5 tu: Marie Curie mwaka 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Lakini mtazameni huyo wa pili. Goeppert Mayer alifanya utafiti kwa miaka mingi bila mshahara kwenye vyuo vilivyomwajiri mumewe, na uprofesa kamili wa kulipwa aliupata mwaka 1960. Tuzo ilimkuta ameshavumilia. Tukiendelea kutoa ngao peke yake, tutakuwa tunawapongeza wale tu waliobahatika kuvumilia. Hafla yenyewe, tusemezane kweli, ilikuwa imekuwa ya watu walewale kupigiana makofi.

Kuna pia malalamiko kwamba tumewabana akina baba. Hawakubanwa. Baba anaruhusiwa kuomba, na kipengele hicho nilikipigania mimi mbele ya wajumbe waliotaka kukifuta. Ila tumemtaka athibitishe kwamba yeye ndiye anayebeba malezi. Sababu ipo. Mwaka 2018 wachumi Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walionyesha kwamba katika idara kubwa za uchumi za Marekani, utaratibu wa kumwongezea kila mzazi mpya muda kabla ya kuamuliwa ajira ya kudumu, awe baba au mama, uliongeza nafasi ya wanaume kupata ajira hiyo na kupunguza ya wanawake. Msaada unaogawiwa sawasawa kwa mizigo isiyo sawa unaweza kupanua pengo ulilolenga kuliziba. Aliyeita kipengele hiki ubaguzi alikwisha kupelekewa makala hiyo. Bado nasubiri majibu yake.

Kuhusu utaratibu: imedaiwa wanachama hawakushirikishwa. Taarifa ya kikao cha mashauriano ilitumwa mapema, ikarudiwa. Akidi ilitimia, kwa shida, baada ya kusubiri sana na baada ya katibu kupiga simu hadi sauti ikakauka. Kumbukumbu zipo, mahudhurio yamesainiwa, na majina ya walioandika malalamiko marefu kuliko wote siyaoni humo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hali ilikuwa hiyohiyo kwenye semina ya majadiliano ya mishahara, mada ambayo mliiomba wenyewe: mtoa mada alifika kwa wakati, akaanza kuzungumza na viti. Nilijisikia vibaya kwa niaba yenu.

Ada sasa. Zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ya mwaka huu, na wapo wasiolipa ya mwaka jana. Mchanganuo anao mweka hazina; sitautaja hapa kwa kuchelea kumwaibisha mtu. Niseme tu kwamba maombi yaliyofika kwenye mfuko yalikuwa mengi kuliko uwezo wetu, na tuliowakatalia tuliwakatalia kwa kukosa fedha, si kwa kukosa sifa. Anayeuliza hafla ilikwenda wapi aanze kwa kuuliza ada yake ilikwenda wapi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuukuza mfuko na kutafuta wafadhili. Ningependa pia tufanye jambo la mfano wa Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliyepita na futi ya kupimia akilinganisha nafasi za maabara za wanawake na za wanaume. Kazi iliyoanza hivyo ilizaa ripoti ya mwaka 1999 ambayo chuo chenyewe kilikubali matokeo yake. Kamati ndogo itaundwa wakati ukifika. Hafla nayo haijafutwa milele. Inaweza kurudi kwa sura nyingine, tutaona.

Mwisho, ni kweli nimechukua fomu ya kugombea tena. Kwa mujibu wa katiba wanaopiga kura ni waliolipa ada. Mweka hazina yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na atapokea hadi kura zitakapoanza.

Mwenyekiti