Mgomo usiotangazwa ndio unaotumaliza: barua ya wazi kutoka Mwaloni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa la Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Naandika asubuhi hii nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu, maana mbalamwezi imetoka na mitumbwi ya dagaa imepumzika. Siku kama hizi ndizo tunazopata nafasi ya kushika kalamu.

Huu ni mwaka wangu wa 22 katika biashara ya dagaa. Nanunua kwa wavuvi wa visiwani, naanika, nafunga, nasafirisha nje ya nchi. Sijawahi kuajiriwa na Serikali hata siku moja, ila riziki yangu yote inapita mikononi mwa watumishi wa umma: anayekagua ubora, anayeandika kibali, anayegonga muhuri, anayeinua geti. Wakisimama wao, na mimi nimesimama. Ndiyo maana nathubutu kukuandikia juu ya mgomo ingawa simo katika chama chochote cha wafanyakazi.

Mgomo ninaousema hauwezi kuwa kwenye mafaili yako. Haukupigiwa kura, haukutangazwa, hauna tarehe ya kuanza wala ya kwisha. Sisi tunauita mgomo baridi: watu wako kazini, kazi haitembei.

Nikueleze ulivyonikuta. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hakuna anayeingia ziwani. Mzigo wa giza moja ndio unaolipa deni la giza lililopita, na mimi deni langu lilikuwa kwenye ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Nilipakia magunia 120 kwenye fuso, nikalipa mrabaha, nikakusanya vyeti vyangu vyote, tukaondoka usiku. Alfajiri tukawa mpakani. (Kituo sitakitaja. Sitaki mtu aamke kesho akute barua ya uhamisho kwa sababu ya maneno yangu.)

Madirisha yalikuwa wazi. Watumishi walikuwepo, sare zimenyooshwa, kompyuta zinawaka. Karatasi ndiyo ilikuwa haitembei. Saa mbili tukaambiwa mtandao unasumbua. Saa tano mwenye kusaini yuko kwenye kikao. Saa nane fomu ile ilitakiwa kujazwa upya. Saa kumi na moja jioni dirisha likafungwa. Kesho yake vilevile. Wakala wangu wa forodha, mtu mwenye maneno mengi siku zote, akawa kimya; alishaelewa kinachoendelea na hakutaka kukisema mbele ya watu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Turubai lilikuwa na tundu upande wa nyuma, dogo, la kuingia kidole. Asiyeuza dagaa hajui gunia likilowa linavyofanya: linachemka kutokea ndani. Unachomeka mkono katikati unakutana na joto kama la mtoto mwenye homa, na hapo unajua halina kupona. Utingo wangu alipanda juu, akashuka, hakuniangalia usoni. Tulipovuka siku ya tano, mnunuzi alikataa magunia 46. Niliyauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Usiku wa tatu huo, ofisa mmoja wa dirishani alikuja kununua chai kwa mama lishe, tukajikuta benchi moja. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe. Akaniambia, mama, sisi hatujagoma, tumechoka. Alihamishiwa pale na mke na watoto watatu na hadi siku ile hakuwa amelipwa fedha ya uhamisho. Mwenzake alitakiwa kupanda daraja, akasahauliwa. Zamu za usiku walizofanya zilipelekwa majina, majina yakapotelea huko yalikopelekwa. Waliandika barua. Wakaandika ya kukumbushia. Wakaomba jambo lipelekwe kwenye baraza la wafanyakazi, na baraza halikuketi. Basi bila mtu kumwambia mwenzake, kila mmoja akapunguza mwendo.

Nilikuwa na kila sababu ya kumchukia. Magunia yangu yalikuwa yanachemka hatua ishirini kutoka pale alipokuwa anakunywa chai. Lakini mimi ni mtoto wa mtu wa reli.

Marehemu baba yangu alikuwa akifunga mabehewa hapa stesheni ya Mwanza. Mwaka 1960, Uhuru haujapatikana, wafanyakazi wa reli ya Tanganyika waligoma kwa siku 82, katibu mkuu wa chama chao akiwa Christopher Kasanga Tumbo. Reli iliyofika hapa ziwani tangu 1928 ikanyamaza. Watu wa posta nao walikuwa na mgomo wao kipindi hichohicho. Baba alitusimulia mambo ya siku zile hadi tukayajua kwa moyo: wajomba zetu wa Kwimba walivyoleta michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na udaga wa muhogo kwa baiskeli, mama alivyochemsha michembe asubuhi na jioni, majirani wenye duka walivyowakopesha chumvi. Wenye duka hao hao ndio walioumia kwa bidhaa kukwama njiani. Wakakopesha hivyohivyo, kwa sababu walijua madai ni yapi, nani anazungumza na nani, na kwamba ipo siku mazungumzo yatafikia mwisho.

Mimi mpakani nilikosa hata hayo. Ningejua madai ya wale vijana, huenda ningebeba bango pamoja nao. Ningejua siku yenyewe, ningebaki Mwaloni na mzigo wangu ukiwa mkavu.

Nina mdogo wangu anayeishi Kanada. Novemba 2024 alinipigia simu: dada, usitume vile vitenge, posta ya huku inagoma Ijumaa. Chama kilikuwa kimetoa notisi ya saa 72, kama sheria yao inavyotaka. Tarehe 15 wafanyakazi wapatao 55,000 wakaweka kazi chini, na barua hazikutembea hadi tarehe 17 Desemba waliporudi kwa amri. Watu waliteseka kule, sisemi hapana, na kurudishwa kwa amri hakukumaliza ugomvi, maana 2025 waligoma tena. Ila vitenge vyangu vilibaki kabatini, salama, kwa sababu ya simu moja.

Na sisi sheria tunayo, Mheshimiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaitambua haki ya kugoma, ikaiwekea njia: mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi, kura, notisi ya saa 48. Kifungu cha 77 kinazitaja huduma muhimu ambazo mgomo wake umezuiwa: maji, umeme, afya, zimamoto, uongozaji wa ndege. Watumishi wa umma wana pia sheria yao ya majadiliano ya pamoja ya 2003. Kwenye karatasi njia ipo. Lakini mtumishi wa chini akiitazama anaona mlima. Anakumbuka walimu mwaka 2012, mgomo ulivyosimamishwa na mahakama ndani ya siku chache. Anakumbuka pia historia ndefu zaidi ambayo baba aliiishi: sheria ya 1962 iliyoubana mgomo, kisha 1964 vyama huru kuvunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote kwa sheria ya Serikali. Anajiuliza, nigome waziwazi nionekane, au nigome kwa kalamu nisionekane? Anachagua kalamu. Na kalamu yake inasimama juu ya karatasi yangu.

Sisemi hamjafanya kitu. Kima cha chini cha mshahara kilipopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, tulishangilia hata sisi tusiolipwa na Hazina, maana mshahara wa mwalimu ndio unaonunua dagaa. Lakini nyongeza hailipi malimbikizo. Mtu anayekudai ukimwongezea mshahara bila kumlipa deni lake, kila mwisho wa mwezi analikumbuka.

Ombi langu la kwanza ni dogo, na ndilo ninalolilia zaidi ya yote. Barua ya madai ya mtumishi ijibiwe kwa maandishi, ndani ya muda unaojulikana, hata kama jibu ni kwamba fedha hakuna hadi robo ijayo. Jibu hilo libandikwe ukutani pale kituoni, wenzake walisome. Kiongozi atakayekalia barua aulizwe yeye kwanza, kabla ya kuulizwa yule aliyepunguza mwendo. Mabaraza ya wafanyakazi yakae kwa tarehe zake, na wa dirishani wawemo, wasiwe wakuu wa vitengo peke yao.

Pili, kazi inapokwama, tuambiwe. Tangazo moja la ukweli mlangoni pa kituo, ujumbe mmoja kwa mawakala wa forodha na vyama vya wafanyabiashara: huduma ni hafifu, mzigo unaoharibika usije hadi tuwajulishe. Kusingizia mtandao kunatuumiza mara mbili, kwa kuwa mtu anakaa akisubiri mtandao urudi. Na hata katika mgogoro mkali liachwe dirisha moja la vitu visivyongoja: samaki, maziwa, mboga, mgonjwa. Naamini wafanyakazi wenyewe wangekubali wakiulizwa. Yule ofisa aliyaona magunia yangu, hakufurahi.

Haya hayaishii mpakani. Kwa wenzangu wa Sengerema na Geita mambo yamepungua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wanapita juu ya maji kilomita tatu bila kumsubiri mtu. Kisiwani Ukerewe bado ni kivuko. Mgonjwa anayetoka Nansio kuja hospitali ya Bugando hapa Mwanza, akifika kivukoni Rugezi, yuko mikononi mwa wafanyakazi wa kivuko, iwe wamelipwa au hawajalipwa. Kaunta ya vifurushi posta nayo ni hivyohivyo: mtu mmoja amekata tamaa ndani, watu mia wanarudi nyumbani mikono mitupu bila kuelezwa kwa nini.

Mheshimiwa, najua wapo watakaokushauri kwamba dawa ya mgomo baridi ni nidhamu: wahamishwe, wapewe onyo, wawekewe kamera. Nakusihi usianze hapo. Kamera itamwona mtu amekaa kitini, macho kwenye kompyuta, vidole juu ya vitufe. Ndivyo nilivyomwona mimi kwa siku nne.

Giza linarudi baada ya siku kumi hivi. Wavuvi wameanza kushona nyavu, mimi nimeshaziba lile tundu la turubai. Nitapakia tena, nitapita njia ileile, dirisha lilelile. Kabla sijalipa nauli ya fuso, naomba nijue kitu kimoja: ile barua yao imejibiwa?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa
Mwaloni, Kirumba
Mwanza