Mudi, moshi wangu hautaki kupoa

Asalaam aleikum Mudi,

Najua utasema huyu naye anawakumbuka watu akiwa na shida, na kweli nina shida, kwahiyo tusizungushane. Salamu kwanza: huku Chumbageni wazima, mzee goti lile lile, Bi Mwanahawa kahamia Makorora kwa mwanawe, kusi limeshika mpaka watu alfajiri wanavaa masweta kama wako Lushoto. Haya, salamu zimekwisha.

Unakumbuka nilikwambia nataka kutengeneza mtambo wa kufukiza samaki kwa moshi wa baridi, ukacheka ukasema Tanga na baridi wapi na wapi? Basi nimeutengeneza. Na ulisema kweli, mshenzi wewe.

Maana kila mtu nikimweleza anasema aah si kubanika tu. Sio kubanika bwana, kubanika tunakujua tangu tumboni. Huyu haivi, anakaa mbichi vilevile, kwanza chumvi halafu anapata moshi masaa mengi na joto lisizidi nyuzi 30, ndo kama yule salmoni wa Norway wanaomkata karatasi karatasi mahotelini. Fundi Chande akanishauri eti nijenge jiko la Chorkor kama la kina mama wa Ghana, nikamwambia jiko zuri sana lile ila la moto, samaki anaiva. Hakunielewa mpaka leo, anapita anauliza "lishaiva?"

Nilianza na pipa. Moto kwenye debe pembeni, bomba la bati nusu mita, pipa juu yake na chanja ndani. Nguru mzima wa kilo nne nilimnunua pale Deep Sea, roho iliniuma kumtolea pesa. Nikawasha na miti ya mwembe, baada ya saa moja nachungulia, pembeni kashakuwa mweupe anachambuka, katikati mbichi, yaani si wa kubanika si wa kufukiza. Joto ndani nadhani lilifika hamsini. Nasema nadhani kwa sababu ile themomita ya kupimia homa inaishia 42, ndo shida yangu ya kwanza hiyo, ntairudia.

Aliyeniokoa ni mama. Kanikuta nimekaa kwenye kinu nimeshika tama, akatazama pipa, akasema "We mtoto, mimi nafukiza nguo udi miaka arobaini sijaunguza hata kanga moja, chetezo huku nguo huku, wewe moto wa pilau wa nini?" Akaondoka zake. Nikakaa nikafikiri, kumbe ndo hivyo, tatizo sio urefu wa bomba, tatizo moto wenyewe mkubwa mno. Kinachotakiwa kiungue polepole kama dawa ya mbu ile ya kuzungusha. Basi nikachukua wavu wa chuma wenye matundu madogo nikaukunja njia ya konokono, nikajaza maranda makavu ya mwembe kutoka kwa seremala, nikawasha ncha moja kwa mshumaa. Mudi, inakwenda yenyewe usiku kucha, kijimoto kama cha sigara, moshi mwembamba wa buluu, ukitia mkono juu yake husikii joto la maana! Ila maranda lazima uyachague, mbao za dawa na plaiwudi hapana, na maganda ya korosho usiyasogeze kabisa, mafuta yake yanababua ngozi sembuse tumbo.

Pipa nikalitupa, nikachukua kabati la vyombo la marehemu bibi (usimwambie dada), nikatoboa matundu chini na juu. Mara ya kwanza nikasahau yale ya juu. Moshi ukakaa mle ukatoa jasho, asubuhi nafungua naona matone meusi kama lami yamedondokea mnofu mmoja baada ya mwingine, nikaonja, uchungu wa mwarobaini. Sasa moshi unatoka vizuri, unatoka mpaka kwenye kamba ya jirani ya nguo. Hilo tuliache.

Samaki mwenyewe nishamjua. Gramu 30 za chumvi kwa kilo ya minofu, anakaa kwenye friji siku moja na nusu, namuosha, namfuta, namrudisha friji wazi mpaka juu awe na kile kingozi, ukimgusa kidole kinanata kama gundi ya bahasha. Bila hicho moshi haushiki. Halafu saa nane usiku namuingiza, nje nyuzi 22, kabatini 27 na chupa za barafu chini (themomita hiyo nimeazima, inarudi Ijumaa), jua likichomoza inaanza kupanda, ikigusa 30 namtoa. Usiku tatu mfululizo. Mke wangu anasema nina mwanamke mwingine anaitwa Nguru. Kaskazi ikiingia sijui, usiku wenyewe unakuwa joto, labda nifukize jibini tu au chumvi.

Ametoka mzuri Mudi, wallahi. Rangi ya asali.

Sasa shida. Yule jamaa wa Pangani alionja, anataka kilo kumi za harusi, na anataka zifungwe kwenye ile mifuko ya kunyonywa hewa, zipande Coaster asubuhi. Hapo ndo usingizi umekata. Nguru, jodari, vibua, wote wakipata joto kabla ya barafu wanatengeneza histamini, sumu hiyo, mtu anavimba uso kama kaumwa na nyuki, na ile haitoki kwa moshi wala kwa kupika. Hiyo naiweza, nanunua kwa mvuvi ninayemjua, na barafu juu. Lakini mfuko usio na hewa! Kile kijidudu cha botulinamu, chenye sumu ya kuua, kinapenda pasipo hewa, na kuna aina yake inakua hata kwenye friji, nyuzi 3 tu inatosha, sembuse kwenye Coaster saa sita mchana na abiria kakalia box. Nimemwambia nitamfungia kwenye karatasi ya mafuta, kwenye barafu, nimpeleke mwenyewe kwa bodaboda. Anasema wageni wa Dar watamcheka. Pesa yake nzuri, hiyo ndo inayonisumbua.

Na shemeji Zawadi ana mimba ya miezi sita, kanusa, kaja na sahani. Nikamnyima, maana samaki wa hivi hajaiva na mjamzito hatakiwi kumla, kuna listeria, kijidudu kinachodhuru mimba. Nikamwambia nikukaangie basi, hataki. Kaninunia wiki ya pili, nyumba nzima inaniona bahili.

Wewe ulikaa Mwanza kwenye minofu ya sangara miaka mingapi, hebu niambie. Mlikuwa mnafunga vipi, na mfuko unafungwa kabla ya kugandishwa au baada? Nikimgandisha kwanza nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba kwa ajili ya minyoo, nyama hailegei? Ungekuwa wewe ungeichukua hii oda au ungeiacha? Na Kariakoo themomita ya sindano, ile ya kuchoma kwenye nyama, bei gani siku hizi, unaweza kunitumia na basi la Alhamisi? Feni ndogo ya kompyuta je, ile mbovu yako bado ipo? Jamaa anataka jibu Jumamosi, nipigie hata usiku wa manane, saa nane niko macho kabatini.

Sefu

Dada akikuuliza kabati la bibi, sema liko kwa seremala.