Barua kwa Mjomba: Serikali Isiyo na Dini Hailitishi Kanisa

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu Umoja, Nairobi. Ulisema majuzi, kwa uchungu ambao haujanitoka, kwamba Kenya ilipotea siku ilipoandika katika Katiba kuwa hakutakuwa na dini ya taifa. Sikukujibu mbele ya watu kwa sababu ya heshima, lakini jambo lenyewe ni zito, na mimi ninayeamini kama unavyoamini wewe naliona kwa namna nyingine kabisa.

Kifungu hicho cha 8 hakikumfukuza Mungu. Katiba hiyohiyo ya 2010 inakiri katika utangulizi wake ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wetu wa taifa ni dua kuanzia ubeti wa kwanza. Kilichokataliwa ni serikali kujitwika kazi ya kuamua nani anamwabudu Mungu ipasavyo. Najua sensa ya 2019 ilituhesabu Wakristo kuwa zaidi ya asilimia 85, na huenda hesabu hiyo inakupa ujasiri. Lakini ndani yake wamo Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, Wapentekoste na Wakorino wenye vilemba, na sioni ni nani kati yao angekubali ubatizo wa mwenzake ufanywe sheria ya nchi.

Wewe unaogopa serikali isiyo na dini. Mimi naogopa zaidi serikali inayoipenda dini kupita kiasi. Jumapili ya mwanasiasa unaifahamu: viti vya mbele vinaachwa wazi, mahubiri yanafupishwa, walinzi wanasimama milangoni, kisha mgeni anakabidhiwa kipaza sauti na kuwatukana wapinzani wake hatua chache kutoka meza ya Bwana, huku akina mama waliotoka kwao alfajiri wakisubiri ibada iendelee. Akishatangaza mchango wake, nani atamkemea? Ndiyo maana nilifurahi sana Novemba 2024, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza zirudishwe shilingi 600,000 ambazo Rais William Ruto alikuwa ameipa kwaya na baraza la parokia ya Soweto, hapa Kayole, pamoja na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Siku chache tu kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali waziwazi, na kwa maoni yangu maneno yale yangepoteza uzito kama pesa zile zingebaki.

Kuhusu Mahakama za Kadhi, ambazo zilikufanya upige kura ya La katika kura ya maoni ya Katiba tarehe 4 Agosti 2010, naomba usome Kifungu cha 170 kwa utulivu. Zinashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa huko. Isitoshe, zilikuwamo hata katika Katiba ya uhuru ya 1963. Hakuna Mkristo wa Nairobi aliyeburutwa mbele ya Kadhi, na hatapelekwa.

Fikiria pia yule msichana wa Kibra aliyezuiwa kuingia darasani mwaka 2019 kwa sababu ya nywele zake za kirasta. Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba shule ilikosea. Najua imani ile huipendi, Mjomba. Hata hivyo, Kifungu cha 32 cha uhuru wa dini kilichomrudisha darasani ndicho kinachotulinda sisi tunapokesha tukiomba, na siwezi kukishika kwa upande wangu huku nikimnyang'anya mtoto wa mwenzangu.

Sasa nina ombi moja, kwa kuwa wewe ni mzee wa kanisa na neno lako husikilizwa. Kabla barua za mwaliko wa harambee ya paa la kanisa hazijatumwa, lipelekee baraza pendekezo kwamba mgeni yeyote mwenye cheo aketi palipo na nafasi, atoe sadaka yake kwa bahasha kama sisi sote, na asipewe kipaza sauti. Ukihitaji mtu wa kuliunga mkono, nitakuja.

Mpwa wako