Msimwache mbwa kwenye kamba

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu familia kujiandaa kwa mafuriko. Orodha ilikuwa nzuri: tochi, redio, dawa, vyeti ndani ya mfuko usiopitisha maji. Niliirudia mara mbili nikimtafuta mbwa, sikumwona. Naomba nafasi nieleze kilichonipata.

Usiku maji yalipoingia kwetu, Jasiri, mbwa wangu wa kilo 20 hivi, alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza kama kila usiku. Waokoaji walifika na mashua, wakatupa dakika chache tu. Tulimtanguliza mama yangu, ambaye hatembei vizuri, kisha watoto. Nilipomrudia Jasiri, maji yalishamfika tumboni na hofu ilishampanda, hakunitambua. Fundo lilikuwa limelowa, limekaza kama jiwe. Nilipolishika akaniuma kiganja. Waokoaji wakaniita, nikapanda mashua huku nikimsikia akilia nyuma yangu.

Aliyemwokoa ni kijana wa jirani aliyekuwa bado juu ya paa. Alishuka na kisu, akaikata kamba, mbwa akaogelea gizani. Nilimpata siku ya 9 kwa watu wasiotufahamu, mbavu zikihesabika, shingoni ana kipande cha kamba na hana hata namba ya simu.

Kovu la kiganja ninalo, wala simlaumu. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya miezi mingi kabla ya mvua ile. Sikuwahi kumzoesha kizimba. Hakuwahi kupanda chombo chochote kinachoyumba. Hakuna mkono uliowahi kumshika isipokuwa wangu. Nikategemea kwamba usiku mmoja, kwenye giza na kelele, atayakubali yote hayo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nawaambia wenye mbwa: kabla ya kununua chochote, mfundisheni. Mimi nilianza upya hivi. Niliweka kizimba cha kubebea ndani ya nyumba, mlango wazi, na kitambaa anacholalia ndani yake. Kwa siku kadhaa nilimwekea chakula chake mlangoni pa kizimba, halafu ndani kidogo, halafu mwisho kabisa. Alipoacha kusita, nikafunga mlango kwa muda mfupi na kuufungua kabla hajaanza kulia, nikawa naongeza muda kidogo kidogo. Sikumsukuma hata mara moja, kwa sababu mbwa aliyesukumwa kizimbani hukimbia akikiona tu. Ilinichukua wiki kadhaa. Siku hizi tunafanya zoezi usiku, taa zimezimwa, tochi ikiwaka, na mara nyingine mvua ikinyesha. Majirani wawili wamezoea kumvalisha mkanda na kumwongoza, maana siku ya hatari huenda mimi nisiwepo nyumbani. Pia nimemzoesha kifunga mdomo cha wavu, anachoweza kuhemea vizuri, kwa sababu hata mbwa mpole huuma akiumia au akiogopa.

Mfuko wake ni mwepesi kuandaa. Chakula na maji ya siku 3 kwa uchache, na wiki nzima ni bora zaidi. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo wa kilo 20 anataka zaidi kidogo ya lita moja. Asinywe maji ya mafuriko: yana kinyesi na mkojo wa panya, na humo hupatikana homa ya mgunda, ambayo humshika mbwa na humshika binadamu pia. Weka kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mahali pengi pa hifadhi hawampokei asiye nayo. Weka picha yenu mkiwa pamoja. Ndiyo itakayothibitisha kwamba ni wako. Kwenye mkanda wa shingo andika namba mbili za simu, moja ya ndugu aishiye mbali, kwani mitandao ya karibu hukatika. Maikrochipu, yaani chipu ndogo ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa, ni bora zaidi, kwa kuwa haidondoki, ila haina faida kama namba yako ya simu imebadilika na hukuisajili upya.

Wapo watakaosema huu ni upuuzi wakati watu wanakufa. Nawaomba wakumbuke kimbunga Katrina kilichoipiga New Orleans mwaka 2005. Watu wengi walikataa kuondoka kwa sababu waliambiwa waache wanyama wao, na baadhi walifia humo. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya kuwaingiza wanyama wa nyumbani katika mipango ya kuhamisha watu. Anayejua kwamba mbwa wake ana nafasi huondoka mapema, na waokoaji hawalazimiki kumrudia.

Fukushima, Japani, Machi 2011, watu walioamriwa kutoka ndani ya kilomita 20 za kinu cha nyuklia kilichoharibiwa na tsunami walidhani watarudi baada ya siku chache. Wengine waliwaacha mbwa wamefungwa, na chakula kidogo pembeni. Wengi hawakuweza kurudi kwa muda mrefu. Kila nikiwafikiria wale mbwa nalikumbuka fundo langu.

Ikitokea huna namna kabisa, usihatarishe roho ya mtu. Lakini mfungue. Mwachie njia ya kupanda mahali pa juu, mwachie maji safi mengi, na uandike mlangoni kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna mbwa, kisha uwaarifu waokoaji.

Jambo langu la mwisho ni kwenu, Mhariri. Mtakapoichapa tena orodha ile, na najua mtaichapa kabla ya msimu mwingine wa mvua, ongezeni mstari mmoja juu kabisa, kabla ya tochi: mbwa asilale amefungwa wakati tahadhari ya mafuriko imetolewa.

Wenu,
Mwenye Jasiri